Faili liko kompyuta gani? Namna ya kuweka usachi wa nyaraka kwenye ofisi yenye kompyuta chache

Hapa Tanga kuna ofisi nyingi sana ndogo za watu wanne watano mpaka kumi, mawakala wa forodha jirani na bandari, mawakili wa Chumbageni, ofisi za shule, AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za mkonge kule Korogwe, na karibu zote zina shida moja, nyaraka zipo ila hazionekani. Mteja anakuja anataka nakala ya kadhia yake ya forodha ya mwaka 2019, basi kazi inasimama, mhasibu anafungua kompyuta yake, dada wa mapokezi anafungua ya kwake, mwingine anapekua fleshi kwenye droo, bosi anasema mbona mimi nilitumiwa kwenye WhatsApp, na mteja kakaa pale anawaangalia tu. Mwishoni linapatikana toleo la zamani ambalo halina sahihi.

Hii kitu inatibika, na programu zenyewe nyingi ni za bure, unachotoa ni muda wako na labda hela ya swichi ya mtandao (kile kisanduku cha kuunganishia kompyuta kwa waya) na waya wenyewe. Ila nikuambie mapema, watu wengi wanaanza na programu, wanaweka, wanasachi, haileti kitu, wanasema hovyo hii. Programu haina kosa. Kompyuta haiwezi kukutafutia kitu ambacho haijakisoma, na haiwezi kukisoma kama kimetawanyika kwenye mashine sita au kama ni picha tu ya karatasi. Kwa hiyo kazi kubwa ni mbili: nyaraka zikae nyumba moja, na ziwe na maandishi yanayosomeka. Ukishamaliza hayo usachi wenyewe ni mambo ya nusu saa.

Kwanza uelewe indeksi ni nini maana ndo moyo wa shughuli yote. Ni kama faharasa ile ya mwisho wa kitabu, programu inapitia kila faili mara moja, inaandika neno hili lipo kwenye faili hili na hili na lile, ukija kuuliza inaangalia orodha yake tu, haifungui mafaili upya. Bila indeksi, ukisachi toka kompyuta nyingine, mashine yako inaanza kuyaburuza mafaili yote kupitia waya ili iyasome. Piga hesabu, mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde unapitisha kama megabaiti 12 hivi kwa sekunde ukiwa na afya nzuri, sasa una nyaraka gigabaiti 50, hiyo ni saa nzima na zaidi kwa neno moja, na wenzako wote wanalalamika mtandao mzito. Ndo maana indeksi inatakiwa ikae palepale mafaili yalipo, kwenye mashine mama, yaani kompyuta moja itakayotunza nyaraka za ofisi nzima.

Mashine mama si lazima iwe seva ya mamilioni. Chukua desktop moja nzuri, RAM ya gigabaiti 8, iwe na SSD (diski ya kasi) ya Windows na diski nyingine kubwa ya nyaraka, iwe Windows 11 Pro kama mashine inakubali maana Windows 10 msaada wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows ya kawaida inaruhusu mashine zisizozidi 20 kuunganishwa kwa wakati mmoja kwenye folda za pamoja, ofisi ndogo inatosha kabisa. Usiifanye laptop ya bosi kuwa mashine mama, bosi akienda Dar nayo imeenda Dar. Nenda kwenye setingi za umeme uzime kulala, skrini izime sawa ila mashine isilale, maana ikilala hakuna atakayepata kitu. Na weka UPS tafadhali, ile betri inayoshikilia mashine umeme ukikatika, umeme ukikatika ghafla wakati diski inaandika unaweza kuharibu indeksi na hata mafaili yenyewe, UPS ya dakika kumi tu inakupa nafasi ya kuzima kistaarabu.

Mashine mama iunganishe kwa waya, sio Wi-Fi. Zile nyumba za zamani za mjini zina kuta nene balaa, rauta ipo chumba hiki chumba cha pili tu Wi-Fi inakohoa. Swichi ya gigabiti ya matundu nane na waya wa Cat5e unatosha, kipande kimoja kisizidi mita 100, na sisi wa pwani tuangalie vichwa vya waya kila baada ya muda maana hewa ya chumvi inakula shaba, ukiona kile kichwa kimeota ukijani badilisha, usisugue. Rauta uiambie mashine mama ipewe anwani ileile siku zote, halafu ipe jina linaloeleweka, mfano NYARAKA, ili watu waandike \\NYARAKA na sio kukariri namba.

Haya, folda. Tengeneza folda moja kubwa kwenye diski ya pili, tuseme D:\Ofisi, ndani yake gawanya kwa kazi na sio kwa majina ya watu. Folda inayoitwa "za Asha" Asha akiacha kazi inakuwa kaburi. Wakala wa forodha agawe kwa mwaka na mteja, wakili kwa namba ya kesi, AMCOS kwa msimu. Majina ya mafaili yaanze na tarehe, mwaka kwanza, mwezi, siku, mfano 2024-03-15 ankara mteja fulani, hapo hata bila kusachi yanajipanga yenyewe. Majina kama "mpya", "final", "final ya mwisho kabisa" yapigwe marufuku siku hiyohiyo. Halafu kila mtu akusanye vyake toka desktop, downloads, fleshi, aviweke humo, na hapa mkubwa wa ofisi asimamie maana watu hawapendi kuachia mafaili yao, wanaona kama wananyang'anywa.

Kushea sasa. Kwenye mashine mama hakikisha mtandao umewekwa "Private" na sio "Public", washa "Network discovery" na "File and printer sharing". Kisha tengeneza akaunti kwenye mashine mama kwa kila mfanyakazi, jina na pasiwedi, na kama unaweza zifanane na zile anazoingilia kwenye kompyuta yake, hapo hataulizwa kila saa. Nenda kwenye folda, "Properties", "Sharing", "Advanced Sharing", toa "Everyone" weka watu wako. Kuna mafundi bado wanapenda kuacha wazi mtu yeyote aingie bila pasiwedi, mimi siungi mkono kabisa, na Windows 11 Pro kuanzia toleo la 24H2 yenyewe inakataa uingiaji wa aina hiyo, ndo maana unakuta ofisi zilikuwa zinashea vizuri ghafla baada ya apdeti haziingii. Usihangaike kulazimisha irudi kama zamani, weka akaunti tu. Kumbuka pia kuna ruhusa mbili, ya "Sharing" na ya "Security", na ile kali ndo inashinda, ukimpa mtu kuandika huku, halafu kule ukaacha kusoma tu, ataishia kusoma tu.

Baada ya hapo kwenye mashine zingine fungua \\NYARAKA, bofya kulia folda ya Ofisi, chagua "Map network drive", ipe herufi Z. Kila mtu Z, asiwepo wa Y, ili ukimwambia mwenzako lipo Z muelewane.

Twende kwenye indeksi yenyewe. Windows inayo tayari, hulipii kitu. Kwenye mashine mama sachi "Indexing Options", ifungue. Kwa kawaida inasoma folda za watumiaji tu na menyu, hiyo D yako haiijui kabisa, kwa hiyo bonyeza "Modify" utie tiki D:\Ofisi, na toa tiki vile usivyovihitaji. Kisha "Advanced", "File Types", hakikisha pdf, docx, xlsx, txt zimewekwa "Index Properties and File Contents", maana kama ni "Properties" peke yake itajua jina la faili ila ya ndani haijui. Bonyeza OK uiache. Mafaili mengi inaweza kuchukua usiku kucha, na ukiwa unatumia hiyo mashine inapunguza mwendo yenyewe ili isikusumbue, kwa hiyo anza jioni ofisi ikifungwa. Ukubwa wa indeksi usikutishe, kwa kawaida haifiki asilimia 10 ya ukubwa wa mafaili.

Uzuri wake ni huu, ukiwa kwenye kompyuta nyingine ukafungua ile folda ya pamoja ukaandika neno pale juu kulia, Windows inaiuliza indeksi ya mashine mama badala ya kuburuza mafaili. Majibu yanakuja papo hapo. Ukiona inatafuta tu dakika nzima na zaidi, ujue haitumii indeksi, inapekua faili moja moja, rudi uangalie kama folda kweli imetiwa tiki na kama huduma ya "Windows Search" inatembea kwenye mashine zote mbili.

Namna ya kuuliza nayo ina ufundi wake, hasa kwa nyaraka zetu za Kiswahili. Hizi programu zinaanza kulinganisha mwanzo wa neno, kwa hiyo ukiandika mkata itakuletea mkataba, lakini mikataba haileti kwa sababu mwanzo umebadilika, na ukiandika lipa hutapata amelipa wala wamelipa wala malipo. Dawa yake ni kuandika yote na OR katikati kwa herufi kubwa, mkataba OR mikataba, malipo OR amelipa OR risiti. Maneno yanayotakiwa kufuatana yatie kwenye alama za kunukuu. Ukitaka PDF tu ongeza ext:pdf, ukitaka ya mwaka fulani ongeza datemodified:2023, ila hiyo ni tarehe faili lilipobadilishwa mara ya mwisho, sio tarehe ya barua, ndo sababu nyingine ya kuweka tarehe kwenye jina. Majina ya watu ndo mtihani, Mohamed, Mohammed, Muhamed, wote ni mtu mmoja kwenye mafaili matatu, kubalianeni ofisini jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho na basi.

Sasa sehemu ngumu, na ndo naomba usiiruke. Nyaraka nyingi za ofisi zetu ni skani. Fungua PDF yoyote, jaribu kuburuta mausi juu ya maneno kama unataka kukopi. Yakishika rangi, yana maandishi. Kama unachora boksi tu hewani, hiyo ni picha, na indeksi ikifika hapo inaona ukurasa mtupu. Ofisi nyingi ukizipima hivi unakuta PDF karibu zote za barua zilizoingia ni picha tupu, halafu wanashangaa kwa nini usachi hauleti.

Dawa inaitwa OCR, kompyuta inaiangalia picha inatambua herufi inaweka maandishi yasiyoonekana nyuma ya picha, karatasi inabaki na muonekano wake na muhuri wake uleule ila sasa inasachika. Injini ya bure inayoaminika ni Tesseract, ilianzia HP miaka ya 1980, ikaachiwa wazi mwaka 2005, na Google wakaisaidia kwa miaka mingi, na habari njema kwetu inayo data ya Kiswahili. Kwa mtu wa Windows chukua programu inaitwa NAPS2, ni ya bure, inaongea na skana yako moja kwa moja na inatumia hiyohiyo Tesseract. Kwenye kitufe cha OCR pakua lugha ya Kiswahili na ya Kiingereza, chagua zote mbili kwa pamoja maana barua zetu zinachanganya, kichwa Kiingereza mwili Kiswahili, kisha kila PDF unayosevu inatoka na maandishi ndani. PDF za zamani unaziingiza humohumo unazisevu upya. Ukiwa na mashine ya Linux (mfumo mwingine badala ya Windows) na mzigo mkubwa, OCRmyPDF ni kali zaidi, amri yake ni hii:

ocrmypdf -l swa+eng --deskew --skip-text zamani.pdf mpya.pdf

Hiyo swa+eng ni Kiswahili na Kiingereza, deskew inanyoosha karatasi iliyoskaniwa imepinda, na skip-text inaruka kurasa ambazo tayari zina maandishi.

Skani kwa dpi 300 (nukta kwa inchi, kipimo cha ukali wa skani). Chini ya hapo herufi zinakatika, juu sana faili linanenepa bure. Nyeusi na nyeupe kali inakula maandishi ya wino hafifu, tumia ya kijivu. Na hizi picha za simu za WhatsApp jamani, ukituma karatasi kama picha WhatsApp inaibana mpaka OCR inashindwa, mwambie mteja aitume kama dokumenti, ni kitufe kingine tu, tofauti yake kubwa mno.

Kuna vitu OCR haitaviweza, jua mapema. Mwandiko wa mkono inauharibu. Muhuri uliogongwa juu ya maandishi unafunika maneno. Namba za kontena, zile herufi nne na tarakimu saba, ndo zinasumbua mawakala wa forodha kila siku, sifuri inasomwa O, tano inasomwa S, nane inasomwa B, na mara nyingine inaweka nafasi kati ya herufi na namba, kwa hiyo namba ya kontena iandike pia kwenye jina la faili kwa mkono wako. Na kwa ofisi za wakfu na familia za hapa pwani zenye karatasi za zamani za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa kalamu, usitegemee mashine, skani vizuri kwa heshima zake, halafu pembeni weka faili la txt lenye jina lilelile, mzee anayejua kusoma akusomee uandike mistari michache, nani, lini, shamba lipi, mashahidi gani. Ile txt inaingia kwenye indeksi na karatasi inapatikana. Hii kazi inatakiwa ifanyike sasa hivi wazee wasomaji wakiwepo, nasema kwa moyo wote.

Usijaribu kuskani kabati zima wiki moja, mtachoka muache. Anza na zinazoingia leo, kila karatasi inayopokelewa ipite kwenye skana kabla haijaenda kwenye faili, kisha za nyuma mwaka mmoja mmoja kuanzia wa karibuni.

Kama Windows haikutoshi, zipo nyingine. DocFetcher ni ya bure, inasoma ndani ya mafaili na inakuonyesha maandishi ya ndani neno limepakwa rangi, na inakubali alama ya ~ kutafuta maneno yanayofanana, mohamed~ inakuletea na ndugu zake. Shida yake kila kompyuta inajenga indeksi yake kupitia mtandao, kwa hiyo mara ya kwanza iache usiku, na mafaili mapya yakiongezeka kwenye Z ubonyeze "Update Index" mwenyewe. Everything ya voidtools ni ya majina ya mafaili, kwa hilo haina mpinzani, unaandika herufi mbili tatu yameshatokea, ila ya ndani ya faili usiitegemee. Wa Linux wao Recoll, unaweza kuiwekea ukurasa wa kivinjari ofisi nzima ikasachi humo.

Jambo la siri. Indeksi inaibua kila kitu, ikiwemo mishahara, barua za onyo na vyeti vya daktari. Indeksi ya Windows haimletei mtu faili ambalo hana ruhusa nalo, ila hizi unazojengea kila kompyuta zinabeba maneno ya mafaili ndani ya ile mashine, anayeishika mashine anayashika. Folda ya utumishi ikae peke yake, ruhusa kwa wawili watatu tu, na isiingizwe kwenye DocFetcher za watu wengine. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za wateja mliokusanya zinawahusu nyinyi.

Bakapu ni lazima sasa maana mayai yote umeyaweka mahali pamoja. Diski mbili za nje, moja ipo ofisini moja ipo nyumbani kwa mkubwa wa ofisi, zinabadilishana kila wiki, na ukimaliza kukopi uichomoe. Isiachwe imechomekwa, kirusi cha kufunga mafaili kikiingia kupitia fleshi ya mtu kinafunga Z nzima na diski iliyochomekwa nayo. Kwa sababu hiyohiyo nyaraka zilizokwisha, kesi zilizofungwa, mizigo iliyotoka, zihamishie folda ambayo wafanyakazi wote wanasoma tu.

Siku ya kukabidhi mfumo usijaribu na faili uliloliweka juzi. Mwambie mhasibu ataje mteja wa zamani na neno lililo ndani ya barua, sio kwenye jina la faili, kisha kila mtu asachi neno hilo toka kwenye kiti chake. Aliyekosa, angalia kwa mpangilio huu: je Z yake inafunguka, je akaunti yake ina ruhusa kwenye ile folda, je PDF ina maandishi au ni picha, na je mashine mama imemaliza kuindeksi, maana pale juu ya "Indexing Options" inaandika imefikisha mafaili mangapi. Vyote vikiwa sawa na bado haliji, nenda "Advanced" bonyeza "Rebuild" jioni mkifunga, hakikisha UPS imewaka, asubuhi msachi tena neno lilelile.